Utangulizi: Kuingia Udaktari kwa Mlango wa Chini

Mtihani wa kidato cha sita nchini Uganda huisha kabla ya Krismasi, matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka, na vyuo vikuu hufungua mwezi wa Agosti. Katikati pana zaidi ya nusu mwaka. Kijana wa Kyondo, huku milimani wilayani Kasese, aliyesoma fizikia, kemia na baiolojia huumaliza muda huo akichuma kahawa ya wazazi, akifundisha shule ya binafsi ya jirani, au akishuka Kisinga kutafuta kibarua. Namwandikia yule anayetaka kutoa sehemu ya miezi hiyo ndani ya kituo cha afya au hospitali, mikono yake ikiwa na kazi, ili ajue kama udaktari anaouwaza tangu darasa la saba ndio huo anaoutaka.

Karibu. Uwanja unaoingia hauna idara yake chuoni wala cheti chake. Ni elimu ya kujifunza tiba kwa kushiriki kazi zake ndogo kabla ya kuruhusiwa kuzigusa kubwa. Wasomi wameitafakari. Mwaka 1991 Jean Lave na Etienne Wenger walichapisha kitabu chembamba juu ya namna watu wanavyojifunza kazi kwa kuwa pembeni mwa wanaoijua. Lave alikuwa amekaa na mafundi cherehani nchini Liberia, akaona kwamba mwanafunzi wao hakabidhiwi mkasi kwanza. Anaanza mwisho wa kazi: kushona vifungo, kukunja pindo, kupiga pasi nguo iliyokwisha. Akianzia hapo anaona umbo zima la vazi kabla ya kulikata, na akikosea, kitambaa cha mteja hakiharibiki. Nimesoma maandishi mengi juu ya mafunzo ya madaktari, na bado sijaona maelezo yanayolieleza jambo letu vizuri kuliko hayo. Hospitali nayo ina vifungo na pindo zake, na sehemu kubwa ya utangulizi huu inahusu kazi hizo.

Kwanza niseme jambo linalowashangaza wageni. Uingereza, anayeomba kusomea udaktari hutarajiwa aonyeshe kwamba ameshawahi kuhudumia watu, na wengi hufanya kazi ya msaidizi wa wauguzi au katika nyumba za wazee kabla ya kuitwa kwenye usaili. Uganda hatuna desturi hiyo. Makerere, ambako udaktari umefundishwa tangu 1924, na Mbarara, chuo kilichoanzishwa 1989, huangalia alama zako za kidato cha sita. Miezi yako ya kumwaga maji machafu ya wodini haikuongezei hata pointi moja. Wenzangu wengi huona hilo ni upungufu, nami kwa upande mmoja nakubaliana nao. Hospitali ya Kagando, iliyoko Kisinga chini ya milima ya Kyondo, kwa miaka mingi imepokea wanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza waliovuka bahari kuja kujifunza humo, ilhali kijana aliyezaliwa mlimani juu yake huingia pale siku mama yake anapolazwa tu. Hilo linaniuma, na ningependa lirekebishwe. Lakini kwa upande mwingine naona neema. Kwa kuwa hakuna anayekupa alama, hutahitaji kuigiza huruma mbele ya jopo. Utakwenda kwa sababu moja tu, kwamba unataka kujua.

Ili ujue pa kubisha hodi, lazima uijue ngazi yenyewe. Mfumo wa afya wa Uganda unaanzia kijijini, kwa wahudumu wa afya wa kujitolea ambao wote tunawaita VHT. Mpango wao ulianza 2001. Hawana jengo, wao ndio ngazi ya kwanza. Ngazi ya pili ni ya parokia, zahanati ya wagonjwa wa kutwa. Ya tatu ni ya kata, kama kituo cha Kyondo: inaongozwa na afisa tabibu, ina maabara ndogo na wodi ya wazazi. Ya nne ina daktari na chumba cha upasuaji. Juu yake ziko hospitali, na Kasese ina za kujivunia: Bwera ya serikali, karibu na mpaka wa Mpondwe; Kagando ya Kanisa la Uganda, iliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya sitini; na Kilembe, iliyokua pamoja na mgodi wa shaba na ambayo mafuriko ya Mei 2013, na tena ya Mei 2020, yaliiumiza vibaya.

Ngazi hii haikujipanga yenyewe. Mwaka 1966 Maurice King, aliyekuwa akifundisha Makerere, alihariri kitabu juu ya tiba katika nchi maskini ambacho kilisomwa kote Afrika. Hoja yake ilikuwa ya vitendo: mgonjwa atibiwe karibu iwezekanavyo na nyumbani kwake, na kazi ifanywe na mtu mwenye mafunzo madogo kabisa anayeweza kuifanya vizuri. Wakati ule palikuwa na waliodhani kwamba huko ni kuwapa wanavijiji tiba ya daraja la pili. Mimi nadhani King alikuwa sahihi, na ndiyo maana namshauri kijana wa Kyondo aanzie kituo cha kata, asikimbilie hospitali kubwa. Hospitalini utakuwa mtu wa ishirini kwenye msururu unaomfuata daktari, ukiona migongo ya wenzako. Katika kituo cha ngazi ya tatu, siku ya kliniki ya watoto, mikono haitoshi, na ukijionyesha mwaminifu utapewa kazi kabla ya saa nne.

Kazi gani? Mara nyingi ya kwanza ni rejesta. Mgonjwa anaingia na daftari lake la shule la kurasa chache, alilonunua dukani ili liwe faili lake. Wewe unaandika katika kitabu kikubwa tarehe, namba, jina, umri, kijiji, uzito, na baadaye matokeo ya kipimo na dawa aliyopewa. Vijana wengi wanaidharau kazi hii. Wanaiona ya ukarani. Basi sikiliza kilichotokea Bugoye, upande wa pili wa wilaya yetu. Baada ya mafuriko ya Mei 2013, watafiti kutoka Marekani, wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Mbarara, walitaka kujua kama maji yale yaliongeza malaria milimani, mahali ambapo zamani watu walidhani baridi inawalinda. Hawakuwa na mashine ya ajabu. Walikuwa na kumbukumbu za vipimo vya kituo cha afya cha Bugoye, zikionyesha mgonjwa gani katoka kijiji gani na kipimo chake kilisema nini. Walipolinganisha vijiji vilivyopakana na mto uliofurika na vilivyo mbali nao, kabla na baada, waliona kwamba uwezekano wa kipimo kutoa jibu la malaria ulipanda kwa kama asilimia 30 katika vile vya kando ya mto. Matokeo yalichapishwa 2016. Utafiti mzima ulisimama juu ya safu moja ya rejesta, safu ya kijiji, ambayo karani mchovu hushawishika kuiacha wazi. Ukiwa na kalamu ile mkononi, andika kijiji.

Kazi ya pili nataka kuieleza kwa karibu, kwa sababu ndani yake nimeona vijana wakigeuka. Ni kuhesabu pumzi za mtoto. Tangu 2010 Uganda imeruhusu VHT waliofunzwa kutibu watoto wa chini ya miaka 5 kijijini: malaria kwa dawa mseto baada ya kipimo cha haraka, nimonia kwa amoksilini, kuhara kwa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Ili kujua kama kikohozi ni nimonia, VHT hana eksirei. Ana saa na macho. Mtoto anakaa mapajani mwa mama, ametulia, hanyonyi wala halii. Unamwomba mama ainue shati, kwa sauti ya chini na kwa adabu: "Mama, naomba nitazame anavyopumua." Unatazama mahali ambapo kifua kinakutana na tumbo, unahesabu kila kuinuka kwa dakika nzima. Nusu dakika ukizidisha mara mbili haitoshi, maana mtoto hapumui kwa mpigo sawa. Akiwa na umri wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za kasi. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Hesabu ikipotea, unaanza upya, na mtoto akilia unasubiri. Baada ya hapo unatazama kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa; ikiingia, huyo si wa kijijini tena, apelekwe mbele haraka.

Hutatoa amoksilini wewe. Hilo ni la aliyefunzwa na kuruhusiwa. Lakini ukikaa kando ya VHT mzoefu, yeye akahesabu nawe ukahesabu kimya, kisha mkalinganisha, utakuwa umejifunza kitu ambacho wanafunzi wa mwaka wa tatu bado hukikosea kwa haraka zao. Na aliyekufundisha huenda aliishia darasa la saba. Mpe heshima anayostahili mwalimu. Ni vivyo hivyo kwa utepe wa kupimia mkono, ule wa rangi tatu: unauzungusha katikati ya mkono wa juu wa kushoto, usiubane, usiulegeze, na mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye kipimo chake kiko chini ya milimita 115 ana utapiamlo mkali hata kama mashavu yake yanakudanganya.

Kuna shule nyingine ambayo wengi wenu mmeshaipitia bila kuihesabu. Katika hospitali zetu nusu ya huduma hufanywa na ndugu wa mgonjwa. Yeye ndiye anayepika jikoni nyuma ya wodi, anayefua mashuka, anayemgeuza mgonjwa usiku, anayekimbilia duka la dawa pale dawa inapokosekana. Ukiwa umewahi kumuuguza bibi Kagando au Bwera kwa wiki mbili, unajua mambo ambayo vitabu havina: saa ambayo maumivu huzidi, namna mgonjwa anavyoona aibu kuomba chombo cha kukojolea, maneno ambayo daktari alisema na hakuna aliyeyaelewa mpaka alipoondoka. Ukirudi wodini kama mwanafunzi, usijitenge na wauguzaji hao. Kaa nao. Waulize mgonjwa amekula nini, amelala vipi. Sista wa zamu ana wagonjwa wengi kuliko mikono yake, na habari uliyoisikia kwenye mkeka, ukimfikishia kwa unyenyekevu, huweza kuokoa mtu.

Sasa yale ya kukataa. Katika miji yetu midogo kuna maduka ya dawa na kliniki za uchochoroni ambazo humpokea kijana yeyote, na siku chache tu baadaye humkabidhi sindano. Kijana hufurahi, anajiona amefika. Nakusihi ukatae, hata kama mwenye duka ni mjomba wako. Mtu ambaye hakufunzwa na kuruhusiwa hachomi sindano, hashoni kidonda, hazalishi, hatoi dawa. Sheria inakataza, na mwili wa yule aliyelala mbele yako ni wa mtu, hauwezi kuwa ubao wako wa kujifunzia. Hata mahali pazuri, mtu mwenye haraka anaweza kukwambia "hebu mchome huyo". Jibu lipo tayari: "Samahani, sijaruhusiwa." Mtu mwema hatakuchukia kwa jibu hilo.

Jaribu jingine ni laini zaidi. Ukivaa koti jeupe, wagonjwa watakuita musawo, watakuita daktari. Mzee atakuonyesha daftari lake akuulize kama ugonjwa wake una dawa. Moyo wako utapenda kujibu. Mwambie ukweli: "Mzee, mimi bado mwanafunzi, ngoja nikuitie mwenye kujua." Kisha uende kweli ukamwite. Afadhali hata koti usivae. Vaa nguo safi na kitambulisho chenye jina lako na neno mwanafunzi.

Halafu kuna siri. Kyondo watu wanajuana kwa ukoo. Siku ya kliniki ya dawa za VVU utamwona kwenye benchi jirani yenu, au mwalimu wako, au shemeji. Wapo wagonjwa wanaokiacha kituo cha kwao wakatembea hadi cha mbali kwa sababu ya macho kama yako. Ukikutana naye baadaye sokoni, msalimie kama ulivyomsalimia siku zote, usiongeze wala usipunguze. Nyumbani wakikuuliza umemwona nani leo, sema umeona kazi. Kwangu mimi kijana aliyeshindwa hapa ameshindwa pote, hata akipata alama A tatu. Jambo hili halifundishiki kwa mhadhara. Ama utaliweza katika miezi hii ama utajua mapema kwamba udaktari si wako.

Hatari za mwili nazo ni za kweli. Mpaka wetu na Kongo huvukwa na maelfu ya watu siku za soko, na magonjwa huvuka nao. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na familia yake alifikishwa Kagando. Wahudumu pale walishuku Ebola, akahamishiwa kitengo cha Bwera, na tarehe 11 Juni vipimo vya Entebbe vikathibitisha. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo msichana wa miaka 9 alitambuliwa palepale Mpondwe, na watu waliokuwa wakipima wasafiri joto mpakani. Watoto wote wawili walifariki, lakini hakuna mtu aliyeambukizwa upande wa Uganda. Sababu ni nyingi: chanjo walizoanza kupewa wahudumu Novemba 2018, maandalizi ya Bwera, ushirikiano na Kongo. Mojawapo ni wale waliosimama juani na vipimajoto na madumu ya maji ya klorini, wakiwemo watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Yule aliyekuwa akisema "mama, nawa mikono kwanza" mara mia kwa siku alikuwa akifanya kazi ya tiba kwa maana kamili ya neno hilo.

Kwa hiyo jilinde kwa uzito. Kabla ya kuanza, pimwa homa ya ini aina ya B na uchanjwe. Chanjo ni tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu baada ya miezi sita, kwa hiyo ukichomwa ya kwanza Desemba utamaliza kabla chuo hakijafungua. Usitie mkono ndani ya kasha la sindano zilizotumika hata kama limejaa na umeambiwa ulibane. Ukichomwa kwa bahati mbaya, osha kwa sabuni na maji, mwambie mkuu wa zamu papo hapo. Dawa za kuzuia VVU hufaa zikianzwa mapema, na baada ya saa 72 nafasi imepita. Aibu imewaponza watu hapa kuliko sindano yenyewe.

Na ujue kwamba utaona mambo mazito. Bwera ndiko walikopelekwa majeruhi na maiti usiku ule wa Juni 2023, shule ya Lhubiriha iliposhambuliwa, watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wakauawa. Wafanyakazi wa hospitali walipokea watoto wa majirani zao. Sikuambii hili kukutisha. Ukiona kifo kwa mara ya kwanza, iwe cha mtoto wa malaria saa tisa usiku, tafuta mtu mzima wa pale, sista au afisa tabibu, uketi naye uzungumze. Wengi wao wataacha chai yao kukusikiliza.

Lugha itakusaidia kuliko unavyodhani. Kwa Lhukonzo utaongea na bibi wa Kyondo, na hata na mgonjwa anayesema Kinande kutoka Beni au Butembo, ng'ambo ya mpaka, maana lugha hizo ni ndugu. Kwa Kiswahili utaongea na mfanyabiashara wa ng'ambo, na mwanajeshi, na dereva wa lori. Wapo matabibu wazuri kutoka wilaya za mbali wanaofanya kazi Kasese wakiwa hawajui hata lugha moja kati ya hizo. Ukisimama katikati kutafsiri, tafsiri yote. Mgonjwa akisema maneno ishirini, usimpe daktari matatu. Akisema jambo la aibu, liseme vilevile alivyolisema, bila kulipamba na bila kucheka.

Namna ya kuomba ni nyepesi, ingawa inahitaji miguu. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkono au kwa kompyuta: wewe ni nani, umesoma nini, unaweza kuja siku zipi, na kwamba uko tayari kwa kazi yoyote usiyohitaji leseni kuifanya. Ambatanisha barua ya mwenyekiti wa kijiji na ya mwalimu wako mkuu. Kituoni utaipeleka kwa mkuu wa kituo, ambaye kila mtu humwita inchaji. Hospitalini kwa ofisi ya mkuu wa hospitali. Nenda asubuhi, lakini si Jumatatu, siku ya msongamano. Akikwambia rudi wiki ijayo, rudi. Usimlipe mtu yeyote ili upewe nafasi, na usitarajie kulipwa. Nauli na chakula panga na nyumbani mapema, maana kijana asiyekula hadi jioni hawezi kuhesabu pumzi za mtu. Wazazi wakilalamika kwamba kahawa inaanguka, gawanya wiki: siku tatu kituoni, tatu shambani. Nimeona mpango huo ukidumu kuliko ule wa kijana anayeahidi kila siku kisha akapotea baada ya wiki mbili.

Matokeo yakitoka, wengine hamtapata pointi za udaktari. Nafasi za serikali ni chache na ushindani ni wa nchi nzima. Msidhani miezi ile imepotea. Uafisa tabibu husomewa kwa miaka mitatu ya stashahada, Fort Portal kuna chuo chake, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba udaktari baadaye kwa njia yake maalumu. Kagando wanafundisha uuguzi na ukunga. Vituo vya kata, ambavyo ndivyo wengi wa watu wa Kasese hukimbilia kwanza, viko mikononi mwa watu hao. Kwa vyovyote utakavyokwenda, kabla ya kuaga mwombe inchaji akuandikie barua inayotaja tarehe ulizofanya kazi, kazi zenyewe, na jina la aliyekusimamia. Tengeneza nakala mbili, moja uiache nyumbani.